Neno Hukaa Pale Linapotokea

Ndugu zangu wanafunzi, walimu wenzangu, na ninyi mliotoka kazini moja kwa moja mkaja hapa na mikoba yenu ingali mapajani, habari za jioni. Nashukuru kwa kualikwa. Nimeombwa nizungumzie msamiati wa Kiingereza, na namna ya kuukuza kwa kulifungamanisha kila neno na jambo linalotokea katika maisha ya kila siku. Somo hili nalipenda mno, kwa hiyo mnivumilie nikikaa sana mahali fulani na kupita mbio mahali pengine.

Nianze na sinki lililoziba.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimepanga nyumba, na mwenye nyumba hakujua Kiswahili hata neno. Jioni moja sinki la jikoni likaziba. Maji yakasimama, yakaanza kupanda, na chini yake bomba likawa linavuja kwenye sakafu. Nikampigia simu. Wakati huo nilikuwa nimesoma Kiingereza zaidi ya miaka kumi. Niliweza kuandika insha ndefu juu ya demokrasia na kuweka "nevertheless" na "consequently" mahali pake bila kubabaika. Lakini pale, simu sikioni na soksi zikilowa, nilichosema ni hiki: "The water is refusing to go." Upande wa pili kukawa kimya. Kisha akauliza, "Go where?"

Nilichohitaji kilikuwa "The sink is clogged" na "The pipe is leaking". Basi. Mtoto wa miaka sita aliyekulia kwenye lugha hiyo anayasema hayo bila kufikiri. Mimi sikuwa nayo, kwa sababu katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kunipeleka kwenye sinki na Kiingereza changu. Nilipelekwa kwenye orodha za maneno, nikazikariri, nikafaulu.

Siwalaumu walimu wangu. Walinipa walichokuwa nacho. Nasimulia kwa sababu nawaona wengi wenu mkiwa pale pale nilipokuwa. Mna Kiingereza cha mtihani. Cha zipu iliyokwama hamna, wala cha mvua iliyokukuta njiani, wala cha mtoto aliyeamka usiku akilia sikio. Na hicho ndicho mtu anachokihitaji akiwa na haraka, au akiwa na hofu.

Kabla sijaliacha sinki, tazameni lile neno "refusing". Lilitoka wapi? Lilitoka katika Kiswahili changu. Sisi tunasema mlango unakataa kufunguka, gari linakataa kuwaka, maji yanakataa kushuka. Ni usemi mzuri kabisa. Kiingereza nacho kina njia yake ya kusema ukaidi wa vitu: "The door won't open." "The car won't start." "The water won't go down." Darasani tulifundishwa kwamba "won't" ni wakati ujao, na kweli ni hivyo. Lakini ukisimama mbele ya mlango uliokwama, funguo mkononi, hapo "won't" ndiyo kukataa kwenyewe. Hilo sikulipata kitabuni. Nililipata mlangoni, nilipomsikia jirani akiusukuma mlango wake kwa bega na kulitamka kwa hasira, na tangu siku ile halijanitoka.

Watu huniuliza: kwani ni maneno mangapi nikiyajua yanatosha? Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, ni juzuu 20, na humo kitenzi kifupi kama "set" kimepewa maana zaidi ya 400. Ukisikia hivyo unaweza kufunga daftari. Lakini maneno hayatumiki kwa usawa. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno ya msingi yapatayo 2,000, na maneno ya aina hiyo ndiyo yanayojirudia katika sehemu kubwa ya kila tunachokisoma na kukisikia. Paul Nation, mtafiti wa New Zealand, alipiga hesabu mwaka 2006 akaona kwamba kufuata mazungumzo bila msaada kunahitaji familia za maneno 6,000 hadi 7,000, na kusoma gazeti au riwaya 8,000 hadi 9,000. Familia maana yake "help", "helper", "helpful" na "helpless" zinahesabiwa kitu kimoja.

Nazitaja hesabu hizi mara moja ili tujue mlima una urefu gani, kisha naomba tuziache. Hesabu haikwambii utahitaji neno gani leo usiku. Na zile maana 400 za "set", hakuna mtu aliyewahi kukaa akajifunza zote. Unapanga sahani mezani, hiyo ni "set the table". Usiku unabonyeza simu ikuamshe alfajiri, hiyo ni "set the alarm". Jua linazama, "the sun sets". Unashika njia, "you set off". Kila maana ina saa yake na mahali pake, na ukiikuta hapo inakaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo walimu naomba mlisikilize kwa makini, maana linagusa namna tunavyopanga masomo. Vitabu vingi hupanga maneno kwa ukoo: ukurasa wa rangi, ukurasa wa nguo, ukurasa wa wanyama, ukurasa wa viungo vya mwili. Unapendeza macho mpangilio huo. Katika miaka ya 1990 mtafiti aitwaye Thomas Tinkham aliupima. Aliwapa watu maneno mapya ya kujifunza, na akakuta kwamba maneno ya ukoo mmoja, kama shati, koti na sweta, yalikuwa magumu zaidi kushika kuliko maneno yasiyohusiana hata kidogo. Yanafanana mno, yanagombania kiti kimoja kichwani. Mwaka 1997 akajaribu maneno ya tukio moja: chura, bwawa, kuruka, utelezi. Hayo yalishikika kwa wepesi zaidi, kwa sababu kila moja linalivuta jingine.

Mimi nimeliona hili kwa macho yangu kwenye "borrow" na "lend". Kiswahili kinatumia kuazima pande zote mbili: nimeazima kalamu kwako, naomba uniazime kalamu. Basi mwalimu akifundisha "borrow" na "lend" siku moja, ubao mmoja, mshale ukienda huku na mshale ukirudi kule, ameyafunga mapacha kamba moja, na mwanafunzi atayachanganya kwa miaka. Siku hizi nafundisha "Can I borrow your pen?" peke yake. Wiki nzima wanafunzi wanaombana kalamu, rula, vitabu, chaja. Hilo "lend" nalificha mpaka siku mtu akimwambia mwenzake amfanyie hisani, ndipo linatoka, nalo linatoka na sura yake.

Tuache maelezo, tufanye kitu. Hapa mbele yangu kuna glasi ya maji. Tuseme nageuka kumwangalia mtu pale nyuma, na kiwiko kinaigonga. Tufuate linalotokea, hatua kwa hatua.

Nimeiangusha: "I knocked it over." Maji yamemwagika: "The water spilled." Yanatambaa mezani kuelekea karatasi zangu: "It's spreading." Yamefika ukingoni, na sasa yanadondoka sakafuni tone moja moja: "It's dripping onto the floor." Nanyakua kitambaa, napangusa meza: "I wipe the table." Kitambaa kinafyonza maji: "The cloth soaks it up." Kimejaa, hakifyonzi tena, nakipeleka nje nakikamua: "I wring it out." Karatasi nazo zimelowa chepechepe, hizo ni "soaked". Nazianika. Baada ya saa moja ukizigusa bado zina ubaridi kidogo, hazijakauka sawasawa: hizo ni "damp". Na zikishakauka kabisa kingo zimejikunja: "The edges have curled."

Mmeona? Maneno kumi, na hakuna hata mmoja wenu aliyehitaji kuambiwa lipi linafuata, kwa sababu maji yenyewe yanakuongoza. Maji hayawezi kudondoka kabla hayajamwagika. Kitambaa hakikamuliwi kabla hakijalowa. Ukilisahau neno la tano, la nne na la sita yanalishika mkono. Na angalieni tofauti ya "drip" na "leak", inayowasumbua watu sana katika kamusi: "leak" ni kosa la bomba, kwamba lina upenyo, "drip" ni namna maji yanavyoanguka, tone kwa tone. Bomba langu la jikoni lilikuwa na yote mawili.

Na "wring" ile herufi ya kwanza haitamkwi. Nawaambia sasa ili msije mkaitafuta.

Kwa nini njia hii inashika? Yupo Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana yoyote, halafu akajipima amesahau kiasi gani. Saa moja tu baadaye, zaidi ya nusu ya kazi aliyoifanya ilikuwa imepotea. Kisha upotevu ukapungua kasi, ukawa wa polepole siku hata siku. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba alijaribu pia kukariri beti za shairi, maneno yenye maana na mtiririko, na akaona zinamgharimu kama sehemu moja ya kumi ya juhudi. Orodha ya maneno ya kigeni yaliyopangwa kwa alfabeti inakaribia zile silabi zake. Glasi iliyopinduka inakaribia shairi.

Halafu kuna kazi ya Fergus Craik na Endel Tulving ya mwaka 1975. Waliwaonyesha watu maneno, na kwa kila neno wakauliza swali. Mara swali lilihusu sura ya herufi tu: ni kubwa au ndogo? Mara lilihusu sauti: linalingana vina na neno lile? Mara liliuliza: je, neno hili linaweza kuingia katika sentensi hii? Baadaye, bila kuwaonya, wakawapima kumbukumbu. Maneno yaliyopitia swali la mwisho ndiyo yaliyokumbukwa zaidi, na kwa tofauti kubwa. Kujiuliza kama neno linaingia hapa, katika jambo hili linalotokea mbele yangu, ndiyo kazi ninayowaomba muifanye mchana kutwa.

Mtasikia pia habari za wapiga mbizi. Mwaka huo huo wa 1975, Godden na Baddeley waliwafundisha wapiga mbizi maneno wakiwa chini ya maji na wengine wakiwa nchi kavu; waliojifunza majini walikumbuka vizuri zaidi wakiwa majini. Ni kisa kitamu na walimu tunapenda kukisimulia. Ila jaribio hilo liliporudiwa miaka ya karibuni tofauti ile haikuonekana, kwa hiyo msikitegemee sana. Sisemi kwamba lazima usimame jikoni ndipo ukumbuke neno la jikoni. Nasema neno liwe na tukio, nawe uweze kulibeba tukio hilo kichwani popote uendapo.

Sasa niwapeleke kwenye neno la Kiswahili ambalo limenifundisha Kiingereza kuliko kitabu chochote. Neno lenyewe ni -kali.

Kisu kikali. Mwalimu mkali. Mbwa mkali. Jua kali. Upepo mkali. Mwanga mkali. Maumivu makali. Kona kali. Kwetu hilo ni neno moja, na kila Mswahili analielewa bila kuuliza. Mtu anayejifunza Kiingereza kwa kamusi atafungua ukurasa, atakuta "-kali: sharp, fierce, strict, severe, hot...", atachagua moja, mara nyingi lile la kwanza, na atasema "a sharp teacher" akitaka kumsema mwalimu anayeogopwa. Kumbe amemsifu kwa akili! Haya, tuyaweke mahali pake. Kisu ni "sharp", na kona ya barabara pia ni "sharp". Mwalimu ni "strict". Mbwa ni "fierce". Jua ni "hot", na likizidi mno ni "scorching". Upepo ni "strong". Mwanga ni "bright", na ukikuumiza macho ni "harsh". Maumivu ni "severe".

Msijaribu kukariri hayo kama nilivyoyataja. Nawaomba mfanye kitu kingine: wiki hii, kila mara ulimi wako utakaposema -kali, simama kidogo. Nini kikali? Unakata kitu jikoni na kidole kikaponea chupuchupu, hapo umekutana na "sharp". Unapita kwenye geti mbwa akabweka mpaka ukavuka upande wa pili, hapo "fierce". Unatoka chumba chenye giza ukafinya macho, "bright". Hutakutana na yote siku moja, na ndivyo inavyotakiwa.

Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa kundi linaloandamana nalo. Nadhani Waswahili tunalielewa hilo upesi, maana tunajua picha inapigwa, simu inapigwa, pasi inapigwa, mswaki unapigwa na kelele zinapigwa, na hakuna anayeumia. Kiingereza kina tabia zake vile vile. Picha "inachukuliwa", "take a photo". Kosa "linatengenezwa", "make a mistake". Mafua "yanadakwa", "catch a cold". Dawa hainywewi, "inachukuliwa", "take your medicine". Mvua kubwa inahesabiwa kwa uzito, "heavy rain", na msongamano wa magari nao ni mzito, "heavy traffic". Ukiuliza kwa nini, mara nyingi hakuna jibu la kuridhisha. Ukilipata neno pamoja na wenzake siku ya mvua yenyewe, hutahitaji jibu.

Wakati mwingine mambo hugeuka: sisi ndio wenye maneno mengi. Kiswahili kinatenganisha kunawa, kuoga, kuosha na kufua. Kiingereza kinaweza kuyabeba yote kwa "wash": "wash your hands", "wash the dishes", "wash the clothes". Hapo mwanafunzi anapumzika kidogo. Lakini mkono mmoja wa Kiswahili unagawanyika, kuanzia begani ni "arm" na kuanzia kiganja ni "hand", na mguu vile vile, "leg" na "foot". Ukijigonga kidole cha mguu kwenye kona ya kitanda, hicho si "finger", ni "toe", na kitendo chenyewe kina kitenzi chake: "I stubbed my toe." Neno hilo mtu hulijifunza mara moja tu maishani, kwa maumivu, na halisahau.

Kuna neno moja ambalo linanigusa zaidi. Ni pole.

Pole ni neno la upole mkubwa. Mtu akijikwaa mbele yako, pole. Akikueleza kwamba mama yake anaumwa, pole. Akitoka kazini amechoka, pole na kazi. Hatuna hatia yoyote tunapolisema. Tunauona mzigo wake, basi. Anayejifunza Kiingereza amefundishwa kwamba pole ni "sorry", kwa hiyo mgeni akidondosha vitabu vyake yeye anasema "Sorry!" na mgeni anashangaa: kwani wewe ndiye uliyenisukuma? Nimeona watu wema wakionekana wa ajabu kwa sababu hiyo, na inaniuma, kwa sababu wema wao haukufika.

Basi tuugawe wema huo kwa matukio. Mtu amejikwaa au ameangusha kitu: "Are you all right?" na mkono wako unainama kumsaidia. Anaumwa: "I hope you feel better soon." Amekueleza habari mbaya: "I'm so sorry to hear that," na hapa "sorry" inaingia sawasawa kwa sababu ya ule mkia wake, "to hear that". Amefiwa: "I'm sorry for your loss." Amechoka na kazi: hapa Kiingereza hakina salamu iliyo tayari. Unaweza kusema "You've had a long day" kwa sauti ya pole, nayo itafika. Haya ni matano, na kila moja lina uso wa mtu mbele yake. Msiyaandike chini ya kichwa cha "sorry". Yaandikeni chini ya watu.

Nikitaja kuumwa, niseme juu ya chumba cha daktari, maana hapo neno lisilofaa lina gharama. Kiswahili kina hazina kubwa ya maumivu: kichwa kinagonga, tumbo linanyonga, kichomi, kiungulia, ganzi, mwili mzima unauma. Halafu mtu akikaa mbele ya daktari asiyejua Kiswahili anasema "pain" tu, "very pain". Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alichapisha dodoso la maumivu lenye maneno 78 ya Kiingereza yaliyopangwa katika makundi 20, kwa sababu aliona aina ya maumivu anayoieleza mgonjwa ina habari ndani yake. Hamhitaji yote 78. Kinachogonga kama ngoma ni "throbbing". Kinachochoma kama kisu ni "stabbing". Kinachonyonga tumbo ni "cramping". Kinachounguza ni "burning". Kilichokufa ganzi ni "numb". Na kile kinachouma taratibu, hakikulazi chini wala hakikuachi, ni "aching".

Daktari atauliza pia tangu lini, na hapo kuna mlango wa "since" na "for". Ukitaja siku ilipoanza, "since Monday". Ukitaja muda uliokwisha kupita, "for three days". Jaribuni siku mtakapoumwa kichwa kidogo tu, mkiwa mmelala, hamna la kufanya. Jielezee mwenyewe kimoyomoyo, kama vile daktari amekaa kitandani. Siku ya kuhitaji kweli, maneno yatakuwa yameshalala hapo tayari.

Mtu ataniuliza: na maneno yasiyoshikika? Hisia, tabia, mambo ya moyoni? Hayo ndiyo yanayohitaji tukio kuliko yote. Kamusi itakwambia "relieved" ni kupata nafuu ya moyo, nawe utasoma na kupita. Lakini kumbuka siku uliyopapasa mfuko ukakuta hamna funguo. Ukapapasa mwingine. Hamna. Ukafungua mkoba, ukatoa kila kitu, jasho likaanza, ukawaza utalala wapi. Kisha kidole kikagusa chuma kwenye kimfuko kidogo cha pembeni, na pumzi ikakutoka yote. Ile pumzi ndiyo "relieved". Umempungia mtu mkono kwa furaha, kumbe si unayemfahamu, mkono ukauteremsha taratibu kama unayejikuna: "embarrassed". Umeitwa mbele ya watu, unainuka lakini unainuka polepole, kila goti likikuuliza kama una hakika: "reluctant". Maneno haya yote umeshayaishi. Yanangoja kupewa jina tu.

Ndiyo maana daftari ninalowashauri halina alfabeti. Kila ukurasa una tukio, limeandikwa kwa Kiswahili juu: Nimechelewa. Kitu kimepotea. Simu inakatika katika. Nimemkosea mtu. Chini yake kuna sentensi nzima za Kiingereza ambazo mtu angezisema pale, kwa mpangilio wa mambo yanavyotokea. Ukurasa wa simu, kwa mfano: "I can't hear you." "You're breaking up." "Hold on." "Shall I call you back?" Na mwisho "hang up", kukata simu, ambalo hakuna anayelielewa mpaka aambiwe kwamba mkono wa simu za zamani ulitundikwa kwenye ndoana ya ukutani ukimaliza kuzungumza. Sentensi tano au sita kwa ukurasa zinatosha. Ukipata nyingine mwezi ujao, nafasi ipo.

Kurudia je? Ebbinghaus alishatuonyesha kwamba anayejifunza mara moja na kuacha anapoteza, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunafaa kuliko kurudia kwingi kwa mkupuo. Zipo programu za simu zinazokukumbusha kwa vipindi, na ni nzuri, zitumieni. Lakini maneno ya maisha ya kila siku yana kengele yao wenyewe. Utapiga mswaki kesho, na keshokutwa, upende usipende: "squeeze", kukamua dawa ya meno, "brush", "spit", "rinse", kusukutua. Utafunga vifungo vya shati, "button up". Utatafuta kiatu cha pili. Utafunga mlango na ufunguo, "lock", utarudi kuhakikisha umefunga, "double-check". Tukio linarudi lenyewe na kukuuliza: neno langu unalo? Hakuna mwalimu awezaye kukuuliza mara nyingi hivyo. Na ukikuta huna, hilo ndilo neno la leo. Liandike kabla hujalala.

Nimalizie kwa kazi, na tutaifanya hapa hapa. Toeni kalamu. Nataka muandike mlivyoingia ukumbini humu. Wengine mlisimama mlangoni mkitazama wapi pana nafasi. Mkapita katikati ya magoti ya watu: "squeeze past", na pale mlipaswa kusema "Excuse me". Mkaona kiti chenye koti juu yake, mkauliza kama kina mtu: "Is this seat taken?" Hapo pana mtego. Sisi tukiulizwa "hakuna mtu hapa?" tunajibu "ndiyo", maana yake ni kweli, hakuna. Kiingereza kinajibu kwa hali ya kiti: kama ni kitupu ni "No, go ahead", na kama kina mwenyewe ni "Yes, sorry, it is." Mgeukieni mwenzenu wa kulia sasa, simameni wote wawili, mmoja ashike koti lake aliweke kitini, na mwingine aulize.